Rubani na mnara kabla ya kuruka: tunayodhani na yalivyo

Ndege inapokaa dakika kadhaa mwanzoni mwa barabara ya kurukia katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, abiria huanza kunong'onezana kwamba pengine rubani amekatazwa, au mnara wa kuongozea ndege umemsahau. Ndani ya minong'ono hiyo mna dhana nyingi kuhusu mazungumzo ya rubani na muongoza ndege, na iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba hatari huja pale mmoja asipomsikia mwenzake. Kumbukumbu za ajali zinaeleza jambo la kutia hofu zaidi, kwani mara kadhaa maneno yalisikika vizuri, ila msikilizaji aliyapa maana aliyokuwa akiitarajia.

Chukua dhana kwamba ruhusa ya kuondoka ni moja. Kwa kweli rubani hupewa vibali kadhaa kwa nyakati tofauti: kibali cha njia ya safari, kinachoeleza ndege itapita wapi na itapanda hadi kimo gani, kibali cha kutembea kutoka maegesho kupitia barabara za viungio, kibali cha kuingia kwenye barabara ya kurukia na kusubiri, na hatimaye kibali cha kuruka. Hakuna kimoja kinachobeba kingine ndani yake, na ndiyo maana ndege inayosimama pale mwanzoni mwa barabara kwa kawaida huwa haijasahauliwa na mtu.

Kuchanganya vibali hivyo kulichangia maafa ya tarehe 27 Machi 1977 katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, nchini Hispania, ambako Boeing 747 ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, iligongana na Boeing 747 ya Pan Am, shirika la Marekani, kwenye ukungu, watu 583 wakafariki. Wafanyakazi wa KLM walikuwa wamepewa kibali cha njia tu. Rubani msaidizi alikirudia kwa sauti, kisha akaongeza kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "sasa tuko kwenye kuruka", ilhali nahodha wake alikwisha kuanza kuiondoa ndege. Muongoza ndege aliyachukua kuwa taarifa kwamba ndege iko tayari. Akajibu "sawa", halafu akawaambia wasubiri, atawaita. Baada ya ajali hiyo utaratibu ulibadilishwa, na neno la Kiingereza la kuruka ("take-off") likawekewa mpaka: hutamkwa pale tu kibali chenyewe kinapotolewa au kufutwa, na katika mazungumzo mengine yote hutumika neno la kuondoka ("departure").

Kwa nini basi agizo la kusubiri halikuwazuia? Hapa inaingia dhana ya pili, ya wale wanaofikiri kwamba redio ya ndege hufanya kazi kama simu. Marubani wote walio chini ya muongoza ndege mmoja hutumia masafa yaleyale, na wawili wakibonyeza vitufe kwa wakati mmoja, wasikilizaji hupata mlio mkali au maneno yaliyokatika. Kule Tenerife, mnara ulikuwa ukisema "subiri" wakati uleule rubani wa Pan Am akitangaza kwamba yeye bado yuko barabarani. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM neno "sawa" lilifika wazi. Yaliyofuata yalifunikwa na mlio.

Wengine hulaumu Kiingereza kibovu. Lugha ni tatizo la kweli, na ndiyo sababu tangu Machi 2008 ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, inadai marubani wa safari za kimataifa na waongoza ndege wafikie angalau ngazi ya 4 kati ya 6 katika mtihani wa lugha. Tarakimu nazo zina matamshi yake: tatu husemwa "tri", tisa husemwa "naina", na namba ya barabara kuu ya kurukia ya Dar es Salaam hutajwa tarakimu mojamoja, sifuri-tano au mbili-tatu kutegemea upande wa kurukia. Hata hivyo lugha haitoshi kuwa maelezo ya kila kosa, na ajali ya Haneda, Tokyo, ya tarehe 2 Januari 2024 inatulazimisha kufikiri upya.

Jioni hiyo ndege ya Walinzi wa Pwani wa Japani iliambiwa iende hadi kituo cha kusubiria, kilicho nje ya barabara ya kurukia, na kwamba ni ya kwanza katika foleni ya kuondoka. Iliyarudia maneno hayo ipasavyo, kisha ikaingia barabarani na kusimama hapo, kwa kuwa nahodha aliamini amekwisha kuruhusiwa. Ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua iliigonga. Watano kati ya sita waliokuwa ndani ya ndege ndogo walifariki, na wote 379 wa ndege kubwa wakaokoka. Kwa hiyo anayedhani kwamba kurudia agizo kunamaliza kazi amekosea: kurudia huthibitisha maneno, hakuthibitishi maana. Mamlaka za huko zilisitisha kwa muda kuwatajia marubani nafasi yao katika foleni, uamuzi ninaouona wa busara, kwa sababu kuambiwa "wewe ni wa kwanza" kunaelekea mno kusikika kama "haya, nenda".

Ajali hiyohiyo inapunguza imani kwamba mitambo ya mnara huona kila kitu. Haneda kulikuwa na mfumo wa kuonya barabara inapoingiliwa, na onyo lilionekana kwenye skrini bila muongoza ndege kulitambua. Los Rodeos hakukuwa kabisa na rada ya ardhini, ile inayoonyesha ndege zilizo uwanjani.

Ipo pia dhana kwamba rubani anayeuliza tena hajui kazi yake. Ndani ya ndege ya KLM, fundi wa safari, anayesimamia mitambo ya ndege ikiwa safarini, aliuliza kama ile Pan Am ilikwisha kutoka barabarani. Nahodha, mmoja wa wakufunzi wakuu wa shirika, alijibu kwa msisitizo kwamba imetoka, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege yaliyoenea katika miaka iliyofuata humtaka mdogo aseme shaka yake, na mkubwa aisimamishe ndege hadi mnara ujibu.