Draisuti: kukauka siyo kazi, kazi ni ile hewa

Kila ikifika Oktoba napata meseji zinazofanana, mtu kajifunza kuzamia Nungwi au Mafia akiwa likizo, kavaa wetisuti nyepesi ya milimita 3 (suti ya mpira inayoruhusu maji kuingia kidogo), raha mustarehe, sasa yuko Uingereza na anataka azamie mwaka mzima. Namwambia njoo Stoney Cove kule Leicestershire, machimbo ya zamani yaliyojaa maji, kina kinafika kama mita 35, ila Januari maji ni nyuzi 5 hivi kwahiyo hiyo wetisuti iache nyumbani, utahitaji draisuti, yaani suti kavu ya kuzamia. Maji yanafyonza joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa, utaanza kutetemeka kabla hata hujaona samaki.

Draisuti inazuia maji yasiingie kabisa, buti zimeunganishwa na suti, shingoni na mikononi kuna mipira ya lateksi au silikoni inayobana ngozi, na zipu yake haipitishi maji. Sasa wengi wanadhani suti yenyewe ndo inaleta joto. Wapi! Ile ya kitambaa chembamba ni koti la mvua tu, joto liko kwenye nguo unazovaa ndani na hewa inayonasa humo. Vaa flisi (kile kitambaa laini chenye manyoya) au sufi, usivae pamba maana ikishika jasho ndo basi tena. Na mpira wa shingoni ukikubana mpaka unasikia kizunguzungu usijikaze kiume, unakandamiza mishipa ya damu na unaweza kuzimia, sema upunguzwe.

Haya, hewa. Ukishuka, presha inaibana suti mpaka mikunjo inakufinya, ukija kuvua una mistari myekundu kama umechapwa bakora. Ndo maana kuna valvu kifuani inayoingiza hewa kutoka kwenye mtungi, unaigusa kidogo kidogo, usiing'ang'anie, kwenye maji ya baridi inaweza kuganda ikiwa wazi na suti ikaendelea kujaa. Ukipanda kinyume chake, hewa inatanuka, ile uliyokuwa nayo mita 10 ukifika juu imekuwa mara mbili, na lazima uitoe njiani kwa valvu ya mkono wa kushoto juu karibu na bega, unanyanyua kiwiko yenyewe inatoka.

Shida inakuja miguu ikiwa juu kuliko kichwa. Hewa inapenda juu, inakimbilia kwenye buti na huko hakuna valvu, basi unapaa kichwa chini miguu juu kama puto. Mi yalinikuta nikiwa bado mwanafunzi, mita 6 tu, nilisikia baridi nikajiongezea hewa alafu nikainama kuangalia kitu chini, kushtuka naona buti zangu zinaelekea juani! Mwalimu alinidaka pezi. Kupanda kasi hivo siyo mchezo, mapafu yanaweza kupasuka na gesi ikafanya mapovu kwenye damu. Dawa yake ni kukunja magoti kifuani haraka, ubingirike mpaka kichwa kiwe juu, alafu utoe hewa. Zoezi hili tunalirudia bwawani mpaka mtu alifanye bila kufikiria, ndo tunatoka kwenda maji ya wazi, na kozi ya draisuti ya PADI, lile shirika la mafunzo ya kuzamia, ina daivu 2 huko, yaani kuzamia mara mbili. Mi nasema mbili ni za kukufungulia mlango tu, fanya kumi za kina kifupi na mtu mzoefu kwanza.

Risasi za kiunoni, vile vyuma vizito vya kukusaidia kuzama, utaongeza kilo kadhaa sababu nguo za ndani zinaelea, pima upya kila ukibadilisha nguo.

Alafu lile swali mnaloniuliza pembeni kwa sauti ya chini: mkojo. Jamani msiache kunywa maji ili mjibane, mwili ukikaukiwa hatari ya mapovu kwenye damu inaongezeka. Kuna pampasi za watu wazima, na kuna valvu ya mkojo inayofungwa kwenye paja, ya wanaume na ya wanawake ipo. Kuna watu mnaowaona pale ukingoni wamevaa pampasi, na hakuna anayejua.