Hii si Toyota?

Juzi kaja tena mmoja. Noah ya injini ya D4 inavutwa kwa kamba kutoka Fuoni, kijana kashika usukani, jasho linamtoka, na neno lake la kwanza: "Fundi, mimi sielewi. Hii si Toyota?"

Ni Toyota, mwanangu, nembo naiona. Lakini nilipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, sikukuta oili. Nilikuta kitu kama haluwa iliyosahauliwa juani. Mara ya mwisho kumwaga oili ilikuwa lini? Kimya. Kisha: "Si wanasema Toyota haiharibiki?"

Basi leo naandika, maana nimechoka kulijibu hili huku mikono ina grisi. Na lina pacha wake: "Gari ya Kizungu ni maradhi." Maneno mawili haya yameshawaponza watu wengi Unguja na Pemba, wa upande huu na wa upande ule.

Toyota si injini moja. 1NZ iliyomo kwenye IST, Vitz na Probox, sawa, nakubali, ile ni punda wa kazi. Sisii 1,500, cheni badala ya mkanda wa taiming, hakuna makuu. Lakini D4 ya Noah na Voxy za 2001 mpaka 2007 ni kitu kingine kabisa. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti tena kwenye vali za hewa kuziosha, na masizi yanajijenga pale taratibu mpaka gari inatetemeka ikiwa imesimama. Pampu yake ya presha nayo haitaki mafuta machafu. Ukija kwenye 2AZ, ile ya sisii 2,400 ya Alphard na Estima, nyingi zinakula oili kupitia ringi za pistoni. Nembo ni ile ile. Sasa "Toyota haiharibiki" ni Toyota ipi?

Ila kinachonikera zaidi ni kwamba watu wanachanganya mambo matatu na kuyaita jina moja, "ubovu". Kuharibika mara kwa mara ni jambo moja. Kuharibika kwa gharama kubwa ni jambo jingine. Kukaa juu ya mawe mwezi mzima ukingoja spea ni la tatu, na hapa kwetu visiwani hilo la tatu ndilo linaloamua. Themostati ya IST naipata Darajani kabla ya adhuhuri. Ikikosekana napiga simu Kariakoo, inakuja na boti ya jioni.

Chukua sasa BMW ya umbo la E46. Tangi lake la maji ya kupoza injini ni la plastiki, na plastiki ikishazeeka kwa joto inapasuka, hilo linajulikana dunia nzima. Tangi lenyewe bei yake haitishi. Kinachotisha ni siku za kulingoja. Wiki ya kwanza mwenye gari anavumilia. Wiki ya pili jirani anamletea gundi. Wiki ya tatu pana harusi Paje, haiwezekani kwenda na daladala, gari inatoka na gundi yake. Ikifika Jozani mshale wa joto uko juu, naye anasema "tutafika tu". Hedi, kile kichwa cha injini, ni ya aluminiamu, ikizidi joto inajikunja. Hapo tena ni kuchongesha hedi, gasketi mpya, na maneno mtaani kwamba BMW mbovu. Mbovu ni ile gundi! Tangi lingebadilishwa likiwa zima bado, kwa umri wake, harusini wangefika.

Halafu yale maji. Kisima chetu kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake yana chokaa. Tazama birika la nyumbani, ule ukoko mweupe chini. Ndio huo huo unaoujaza kwenye rejeta kila asubuhi, uwe na Vitz au uwe na Mercedes. Weka kulanti, maji maalumu ya rejeta. Sirudii.

Sasa raha. Watu wakisikia raha ya kuendesha wanafikiria mbio. Mbio za kwenda wapi? Unguja nzima urefu wake kama kilomita 85, na kila baada ya kijiji pana askari. Raha iko kwenye viganja na mgongo: usukani unaokuambia tairi inakanyaga nini, gia inayoingia bila ugomvi. Aliyewahi kushuka kona za msitu wa Ngezi kule Pemba na gari iliyokaza vizuri ananielewa. Na raha nyingi watu wanayo tayari, wameiacha ikafa. Mzee mmoja alikuwa anataka kuuza Carina yake, kaichoka, inayumba kama ngalawa. Nikamtia shokapu, bushi zote za mbele na tairi nne. Akarudi kunishutumu kwamba nimembadilishia injini.

Mimi mwenyewe naendesha Altezza. Injini 3S-GE, gia sita, inasukuma kwa nyuma. Ni Toyota pia, lakini usiifananishe na IST: ina mkanda wa taiming, inakunywa mafuta, na shamba haiendi. Kila mwezi naitilia pesa kwenye kopo hata kama haidai kitu. Iko miezi imekula vizuri kuliko mimi. Mke wangu ananiuliza faida yake nini, nami kwa hesabu ya shilingi sina jibu. Lakini nikipita Bungi jioni, chini ya miembe ya Bi Khole, gia ya tatu, vioo chini, silitamani jibu.

Na nikiri jambo ambalo mafundi hatulisemi: sisi tunaona wagonjwa tu. Vitz kumi zikija gereji na BMW moja, hiyo haina maana Vitz ni mbovu mara kumi, zipo nyingi tu barabarani. Na kilomita za kwenye dashibodi ya gari ya mtumba siziamini, kwa hiyo ukiniuliza giaboksi fulani inadumu kilomita ngapi, nakisia. Mwaka jana gari moja niliikagua mwenyewe nikaipitisha. Wiki tatu baadaye gasketi ya hedi imeachia. Mpaka leo sijui nilipitwa na nini.

Kijana wa Noah akaniuliza: sasa anunue ipi? Nikamuuliza alipoinunua hii alibakiwa na kiasi gani mfukoni. "Hata senti, fundi." Basi hata IST itamtesa. Kaenda kutafuta pesa. Sampu yake iko kwenye karai la dizeli tangu juzi, na ile haluwa bado haijaachia.