Kabla ya kuuliza kilomita, likague gari juani

Wateja wengi wanaoniita niwakagulie gari lililotumika huanza na maswali yaleyale: injini, giaboksi, kilomita, limewahi kupata ajali? Ni maswali ya haki. Lakini ni nadra mtu kuuliza kama ataiona barabara vizuri saa saba mchana, na hapo ndipo fundi hana la kukusaidia baadaye. Injini hufunguliwa, giaboksi hubadilishwa. Jinsi kioo cha mbele kilivyolala, na umbo la dashibodi chini yake, utakaa navyo mpaka siku utakapoliuza gari.

Jua linapita kwenye kioo cha mbele na kuipiga dashibodi. Dashibodi inaurudisha mwanga juu, unagonga kioo kwa ndani, na sehemu yake inakuingia machoni. Kinachobaki ni utando mweupe juu ya kila unachokitazama. Barabara ikiwa juani hutauona. Unapokaribia kivuli cha miembe, na ndani yake kuna mtu aliyevaa nguo nyeusi anavuka, ndipo utando unapommeza. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linasimama utosini, na dashibodi inapigwa sawasawa.

Rangi ina uzito mkubwa. Plastiki nyeusi isiyong'aa hurudisha mwanga kidogo sana. Ya krimu inaweza kurudisha karibu nusu. Najua ndani ya krimu kunapendwa kwenye yadi, gari linaonekana pana na safi. Krimu kwenye viti na milango haina neno. Tazama sehemu ya juu ya dashibodi, ile inayokutana na kioo: hiyo iwe nyeusi au kijivu kilichokolea. Na kama wauzaji wameipiga polishi ya kung'arisha, waombe waifute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo ndipo uhukumu.

Halafu kuna mlalo wa kioo. Land Cruiser 70 ina kioo kilichosimama, Prius ina kioo kilicholala sana. Ukitazama kupitia kioo kilichosimama, mwanga unaorudishwa na nyuso zake mbili ni kama asilimia 8. Kikilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, unafika kama asilimia 16. Isitoshe, kioo kilicholala hufunika dashibodi ndefu zaidi, yote iko juani. Simaanishi usinunue gari la aina hiyo. Namaanisha kwamba gari la aina hiyo lenye dashibodi ya krimu nisingemshauri ndugu yangu alichukue.

Namna ninavyopima ni rahisi. Naomba gari litolewe chini ya paa la yadi, ligeuzwe litazame mahali penye giza: mti mnene, au mlango wa gereji ulio wazi. Nakaa kwenye kiti cha dereva, nakirekebisha kwa urefu wa mnunuzi, bora zaidi akae mwenyewe. Naweka kitambaa cheusi juu ya nusu ya dashibodi, kisha natazama ule mti kupitia kioo. Upande wenye kitambaa majani yanaonekana moja moja. Tofauti ya pande mbili ikikushtua, hilo ndilo utakaloishi nalo kila mchana. Unayeagiza Japani huwezi kufanya hivi, na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linalouzwa mnadani huko, inapima hali ya ndani, si mwako kwenye kioo. Omba picha iliyopigwa kutoka kiti cha dereva, mchana, nje.

Ukiwa umekaa hapo, angalia pia nguzo za pembeni mwa kioo. Kanuni ya 125 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu kila nguzo izibe hadi nyuzi 6 za uwezo wa kuona. Umbali wa mita 20, nyuzi 6 ni kama mita 2: bodaboda nzima na abiria wake. Mwombe mtu apite taratibu kutoka kulia kwenda kushoto mbele ya gari, uone anapotea kwa muda gani.

Kuhusu tinti kwenye kioo cha mbele, nasema wazi: inaharibu. Hata ikipunguza mwako wa dashibodi, inapunguza na mwanga wa barabarani. Utando hauondoki, na barabara inafifia. Miwani ya jua ya polaraizi ndiyo inayosaidia kweli, kwa sababu mwanga unaorudishwa na kioo kilicholala hutetemeka zaidi upande mmoja, na miwani hiyo huuzuia. Ijaribu kwanza na skrini ya gari lenyewe, maana skrini nyingine huwa nyeusi kabisa ukizivaa. Usiku ivue.

Aliyekwisha kununua dashibodi ya krimu bado ana njia: kapeti jeusi lisilong'aa, lililokatwa kwa umbo la dashibodi. Yale manyoya meupe ya kutandika juu ya dashibodi yanaongeza tatizo. Usafishe na kioo kwa ndani, kwani plastiki ikichemka juani huacha ukungu wa mafuta unaotawanya mwanga. Kapeti lisizibe matundu ya hewa yanayopuliza kioo, na juu ya kifuniko cha eabegi ya abiria (mfuko wa hewa unaofumuka ajalini) likatwe kabisa.