Darubini kubwa: ya barazani Tanga na ya wataalamu

Mwezi ukipatwa, baraza za Ngamiani hujaa wanafalaki wa usiku mmoja. Baadhi ya yanayosemwa pale yanahitaji kunyooshwa.

"Darubini ikiwa kubwa inavuta zaidi." Kukuza picha ni kazi rahisi, unabadilisha tu lenzi ndogo ya kuchungulia. Upana wa kioo ni wa kukusanya mwanga, kama sufuria inavyokinga mvua nyingi kuliko kikombe. Kipenyo kikiwa maradufu, mwanga unakuwa mara nne, na vitu vilivyokaribiana vinatengana vizuri zaidi. Nyota zenyewe, karibu zote, hubaki nukta tu.

"Mtaalamu anachungulia kwenye lenzi kubwa." Kazi hiyo ni ya kamera. Na lenzi hushikwa kingoni tu, hivyo ikizidi uzito inajipinda. Ile ya Yerkes, Marekani, ya 1897, ina kipenyo cha kama mita 1 tu. Kioo cha kuakisi mwanga, kinachotumika badala ya lenzi, hubebwa kwa nyuma, tena huungwa vipande: darubini ya Keck, Hawaii, ina vipande 36 kwa kipenyo cha mita 10, na ELT (Extremely Large Telescope), darubini inayojengwa Chile, itakuwa na 798 kwa mita 39.

"Si wangeijenga Usambara?" Swali zuri, nalipenda. Lakini upepo wa bahari unaonywesha misitu ya Amani ndio huohuo unaoleta mawingu na ukungu. Cerro Armazones, inakojengwa ELT, ina zaidi ya mita 3,000, na iko kwenye jangwa la Atacama, kavu kupindukia. Hata huko hewa inatikisika. Ndiyo inayofanya nyota zimetemete. Kwa hiyo wanarusha leza inayowasha atomi za sodiamu kama kilomita 90 juu, kompyuta inapima mtikisiko kwa nyota hiyo ya bandia, kisha kioo chembamba kinabadilishwa umbo mamia ya mara kwa sekunde. Kwangu, huu ndio ufundi mkubwa kuliko kioo chenyewe.

"Za ardhini zimepitwa na Hubble." Hubble, darubini iliyoko angani, ina kioo cha mita 2.4. Mwenzake, James Webb, mita 6.5, ilibidi ikunjwe ndipo iingie kwenye roketi mwaka 2021. Huko juu zinashinda kwa mwanga ambao hewa yetu inauzuia. Kwa upana, ardhi bado inaongoza.

"Afrika hatuna." Tunayo darubini ya SALT, Sutherland, Afrika Kusini: kioo cha vipande 91, tangu 2005.