Petroli Inanuka, Chini Pakavu: Dhana Potofu Kuhusu Mafuta Yanayovuja Kwenye Gari la Spoti la Zamani

Wenye magari ya spoti ya miaka ya 1970 na 1980 wamezoea harufu ya petroli kiasi cha kuiona ni tabia ya gari, kama klachi ngumu au ngurumo ya ekzosi. Utasikia mtu akisema, "Magari haya ya zamani ndivyo yalivyo." Kauli hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu aendeshe mwaka mzima akiwa na hatari chini ya boneti.

Ukweli upo, lakini ni mdogo. Gari la kabureta likizimwa lingali moto linaweza kunuka kidogo kwa dakika chache, maana petroli iliyobaki kwenye chemba ya floti, yaani kibakuli cha akiba ndani ya kabureta, hupata joto na kugeuka mvuke. Harufu ya asubuhi, gari limelala usiku kucha na injini imepoa kabisa, haiwezi kuelezwa hivyo. Hapo kuna mahali mafuta yanatoka.

Mtu akiniletea gari linalonuka, kabla sijauliza linanuka upande gani huuliza linanuka saa ngapi. Baada ya kujaza tangi? Likiwashwa asubuhi? Dakika kumi baada ya kuzimwa? Kwenye kona? Jibu hilo hupunguza sehemu za kukagua kuliko tochi yoyote.

"Chini pakavu, kwa hiyo hakuna kinachovuja"

Petroli haina tabia ya oili. Tone likiangukia chuma chenye joto hukauka kabla halijafika sakafuni. Kinachobaki ni alama: doa la kahawia linalong'aa kama vanishi, au sehemu moja safi isiyoelezeka katikati ya uchafu na grisi, kwa kuwa petroli imeiosha. Mimi hutafuta sehemu safi kwanza. Injini ya miaka arobaini haijisafishi yenyewe.

Halafu kuna suala la presha. Pampu ya kawaida ya gari la kabureta husukuma mafuta kwa chini ya nusu baa. Mfumo wa injekta wa Bosch K-Jetronic, uliotumika kwenye Porsche 911 kwa takriban miaka kumi hadi 1983, hufanya kazi kwenye presha ya karibu baa 5. Ufa mwembamba kama unywele unaweza kuwa mkavu gari likiwa limezimwa, kisha ukarusha ukungu wa petroli mara pampu inapoanza kuzunguka. Ukizima, presha inashuka, ufa unajifunga, na wewe unainama chini ya gari usione kitu.

Wenye Mazda RX-7 za kizazi cha 1986 hadi 1991 wanakijua kisa hiki vizuri. Kwenye reli ya mafuta, bomba linalogawia injekta petroli, kuna kidude kidogo cha kutuliza mapigo ya presha, chenye kiwambo (utando mwembamba) ndani yake. Kiwambo kikichanika, petroli hutokea juu ya kidude hicho na kumwagikia injini yenye moto. Magari kadhaa yameungua kwa sababu hiyo, na sakafu huenda haikuwa na tone hata moja siku iliyotangulia.

"Washa injini, utaona panapotoka"

Ushauri huu hutolewa na watu wenye nia njema, nami naomba usiufuate. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hutambaa chini, hujaa kwenye shimo la gereji, na hufika mbali na gari. Mvuke ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa, cheche moja inatosha. Injini inayozunguka ina cheche kwenye distributa, kwenye alternata na kwenye nyaya za plagi zilizochoka, tena ina ekzosi ya moto pembeni.

Kagua injini ikiwa baridi, gari likiwa nje au mahali penye hewa inayopita, waya wa betri umefunguliwa, na mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu uko mkononi mwa mtu mwingine, si ndani ya buti. Tumia tochi ya LED. Taa ya kuning'iniza yenye globu ya kioo ikianguka na kupasuka, waya wake ulio moto unaweza kuwasha mvuke.

Ukishamaliza kukagua kwa macho na vidole, ndipo unahitaji presha bila injini. Futa kila kiungo kikauke, kizungushie kipande cha karatasi nyeupe laini, kisha rudisha betri na ufungue swichi ili pampu ya umeme ifanye kazi kwa sekunde chache, msaidizi akiwa tayari kuzima. Magari mengine hukata pampu ikiwa injini haizunguki, na hapo inabidi fundi aunganishe rilei (swichi ya umeme ya pampu) moja kwa moja, mbali na mahali penye mvuke. Pampu ya kusukumwa na injini hupimwa kwa pampu ya mkono yenye geji. Zima, fungua betri tena, kagua karatasi. Iliyolowa ndiyo inayokujibu. Ila anzia kiungo cha juu kabisa, maana petroli huteremka kwenye bomba na kudondokea mbali na ilikotoka.

"Harufu iko ndani, basi tatizo liko karibu na viti"

Hapa watu wengi wamepoteza wikendi nyingi, mimi nikiwa mmoja wao. Kwenye Datsun 240Z niling'oa zulia lote, nikakagua tangi mara mbili, kumbe mipira ya mvuke ilikuwa imekauka nyuma ya paneli za plastiki sehemu ya mizigo. Gari lile lina kitangi kidogo cha kupokea mvuke wa petroli, na mipira yake imefichwa ndani ya chumba cha abiria. Hakuna tone linaloonekana. Ni mvuke tu unaopenya.

Kabla ya kung'oa chochote, tenganisha harufu mbili. Ikiwa inakuja gari likiwa kwenye mwendo tu, hasa kwenye magari yenye mlango wa nyuma uliolala, shuku mpira wa mlango huo: mwendo huvuta hewa chafu ya ekzosi iingie ndani, na injini inayokula mafuta mengi hutoa moshi wenye harufu ya petroli mbichi. Ikiwa inanuka gari limeegeshwa, vioo vimefungwa, hiyo ni petroli yenyewe. Ikiongezeka ukiwasha feni ya dashibodi, chanzo kinaweza kuwa kwenye injini, kwa sababu feni huvuta hewa kutoka chini ya kioo cha mbele.

"Ulijaza kupita kiasi"

Inawezekana, mara moja. Ikijirudia kila ukijaza na kutoweka tangi likishuka chini ya robo tatu, tatizo liko juu: mpira wa mdomo wa tangi, mpira wa kupumulia, gasketi ya kipimio cha mafuta, au chuma chenyewe. Tangi la MGB, gari la spoti la Kiingereza, linafahamika kwa kuoza kutokea juu, ambako uchafu na unyevu hunaswa kati yake na sakafu ya buti. Ukilala chini ukalitazama utaona tangi zima. Matundu yako upande usiouona.

"Kaza klempu"

Klempu ya kawaida yenye matundu hukata mpira inapokazwa sana. Kila ukiikaza unapata wiki mbili za ukavu na mpira dhaifu zaidi. Kwenye mfumo wa injekta tumia klempu ya ukanda laini usio na matundu. Na mpira wenyewe usome maandishi yake ubavuni: kwa kiwango cha SAE J30 cha mipira ya mafuta, R6 au R7 ni wa presha ndogo, R9 ni wa injekta. Hata R9 haikukusudiwa kuzama ndani ya petroli, kwa hiyo kipande cha ndani ya tangi kinataka R10. Mpira mzuri wa maji, au wa oili, hauna kazi hapa.

Ukikunja mpira wa zamani ukaona nyufa ndogo, au ukiuminya ukakuta mgumu kama plastiki, badilisha mipira yote ya mafuta, si huo uliovuja tu. Yote ilizaliwa mwaka uleule. Etanoli iliyomo kwenye petroli ya siku hizi pia huharibu mipira ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Gundi za silikoni za kawaida zisitumike hata kwa dharura. Petroli huzilainisha na vipande vyake huishia kwenye chujio na kabureta.

"Mafuta yanayovuja lazima yatoke nje"

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, na oili inanuka petroli? Kwenye gari lenye pampu ya mafuta iliyofungwa kwenye injini, kiwambo cha pampu kikichanika petroli hushuka moja kwa moja kwenye oili. Usiliendeshe, oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Kabla ya kubadilisha oili, tafuta kwanza mlango petroli iliopitia.

Kwenye magari ya injekta, vuta mpira mwembamba wa vakyumu kwenye regyuleta ya presha, kidude kinachodhibiti presha ya petroli. Ukiwa na unyevu wa petroli ndani, kiwambo cha regyuleta kimekwisha, na injini imekuwa ikinywa mafuta kwa njia ya pembeni. Moshi mweusi na plagi nyeusi huambatana na hali hiyo. Presha inayoshuka haraka baada ya kuzima na kulifanya gari ligome kuwaka likiwa moto ni jambo jingine: mara nyingi ni vali ya pampu ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma ndiyo imechoka, wala hakuna kinachomwagika popote.

"Tangi tupu ni salama"

Tangi lililojaa mvuke ni hatari kuliko lililojaa petroli. Kulichomelea ni kazi ya watu wenye vifaa vya kulisafisha na kulijaza gesi isiyowaka. Kulisuuza kwa maji na sabuni hakutoshi.

Ukimaliza matengenezo, usirudishe zulia na paneli siku hiyo. Jaza tangi, liendeshe hadi lipate moto, liegeshe nje ya gereji, na injini ikishapoa zungushia karatasi nyeupe mpya kwenye viungo vyote ulivyogusa. Asubuhi kabla hujafungua milango, nusa kwanza ukiwa nje, kisha kagua karatasi moja moja kuanzia kwenye tangi hadi kwenye injini.