Upepo wa tairi ndio unaobeba gari

Wateja wanaokuja karakana yetu kuzibiwa pancha hunionyesha kwenye simu video ya tairi lisilo na upepo, kisha huniambia kwamba makampuni yanalificha makusudi ili yaendelee kutuuzia matairi ya kawaida. Nimechoka kulisikia dai hilo. Kampuni ya Michelin ilionyesha Tweel, tairi lake lisilo na upepo, hadharani mwaka 2005, na tangu 2012 imeiuza kwa mitambo midogo ya kupakia kifusi. Mwaka 2019, ikishirikiana na General Motors, ilitangaza tairi jingine la aina hiyo, Uptis, kwa ajili ya magari madogo, ikilenga kuiingiza sokoni mwaka 2024. Mwenye kuficha kitu hakitangazi mbele ya dunia nzima.

Watu huuona upepo kuwa udhaifu wa tairi, ilhali upepo ndio unaobeba gari. Gari la kilo 1,200 huegemeza takriban kilo 300 juu ya kila tairi. Kwa upepo wa psi 32, sehemu inayogusa lami ni kama sentimita za mraba 130. Hayo ni makadirio tu, kwa sababu ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, jambo ambalo vitabu hulipita haraka mno. Ukipakia watu watano na mizigo unaongeza upepo, na tairi lilelile linamudu. Tairi lisilo na upepo hubebwa na spoku, yaani vipande vya plastiki vinavyojikunja kati ya rimu na sehemu inayogusa lami, nazo hazina valvu ya kuongezea chochote. Ugumu wake umeshaamuliwa kiwandani, hivyo zikilainishwa kwa ajili ya dereva aliye peke yake zitalemewa na familia yake, na zikikazwa kwa ajili ya familia zitamtikisa siku anayosafiri peke yake.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hakuna anayeuliza kuhusu joto. Tairi la kipenyo cha sentimita 63 likienda kilomita 100 kwa saa huzunguka takriban mara 14 kila sekunde, maana yake kila spoku hujikunja ikifika chini na kunyooka ikipanda juu mara 14 kwa sekunde, na kila mkunjo huacha joto ndani ya plastiki yenyewe. Ndiyo sababu Tweel ilipata soko kwenye mitambo iendayo polepole, wakati kwenye gari ilileta kelele na mtetemo mwendo ulipozidi kilomita 80 kwa saa. Barabara ya matope huongeza tatizo jingine: tope likikauka kati ya spoku za upande mmoja, balansi imeharibika.

Uptis imepiga hatua, kwani spoku zake zimeimarishwa kwa nyuzi za kioo, na imejaribiwa kwenye magari ya kampuni ya usafirishaji ya DHL huko Singapore na ya posta ya Ufaransa. Hata hivyo, nina shaka moja kubwa. Geji hunionyesha tairi linapopungua upepo. Spoku iliyochoka kwa ndani nitaitambuaje kabla haijakatika? Magari yale ya majaribio yana kampuni inayoyafuatilia na kuyakagua. Mwenye gari dogo la kawaida huja kwangu tairi likiwa limeshagusa rimu.