Kuhaki bila ruhusa ni kosa hata kama hujaiba kitu

Wadau habari zenu. Kwenye hii kazi ya usalama wa mifumo maombi ninayopata kutoka kwa vijana yanafanana kweli, huyu anataka afundishwe kuhaki WhatsApp ya mchumba wake, yule anataka matokeo yake ya chuo "yarekebishwe", mwingine anatafuta bando la bure. Na sio wajinga hata kidogo, wengi wana akili sana, ila wameshajiaminisha kwamba kuhaki ni ufundi, na ukishakuwa na ufundi basi mfumo wowote uliofunguka ni halali yako.

Hilo wazo lina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 pale chuo cha MIT, Marekani, kulikuwa na klabu ya wanafunzi waliokuwa wakiunda treni ndogo za umeme, na kwao kuhaki maana yake ilikuwa kubuni njia ya kijanja ya kufanya mtambo ufanye kitu ambacho wengine hawakukifikiria. Wakapata kompyuta, kwanza TX-0 halafu PDP-1 iliyofika 1961, basi wakawa wanakesha nazo, wanafungua, wanachungulia, wanagawana programu walizoandika, na mlango uliofungwa kwao ulikuwa kero tu. Mi ile roho naiheshimu. Lakini kwenye zile mashine hakukuwa na mshahara wa mtu, wala majibu ya vipimo vya hospitali, wala salio la simu. Sa hivi ukiingia kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa za wengi, unakuwa umeingia kwenye maisha ya watu ambao hata hawajui kama upo duniani.

Mfano ninaoupenda kuutumia ni wa Robert Morris. Tarehe 2 Novemba 1988, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia programu inayojisambaza yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikipita kwenye matundu, yaani kasoro, za programu kama ile ya barua pepe na kwa kubahatisha nywila za watu. Haikufuta faili, haikuiba hela. Kilichoharibu ni kwamba aliiandika ijinakili mara moja katika kila saba hata pale kompyuta inaposema tayari ninayo, kwa hiyo nakala zikalundikana hadi mashine zikashindwa kufanya kazi, na makadirio ya wakati ule ni kompyuta kama 6,000, karibu asilimia 10 ya intaneti yote. Alihukumiwa 1990: miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Akakata rufaa akisema hakukusudia kuharibu, na mahakama ya rufaa 1991 ikamjibu kwamba upande wa mashtaka hauna haja ya kuthibitisha ulikusudia kuharibu, inatosha kwamba ulikusudia kuingia pasipo ruhusa. Soma hiyo mara mbili.

Na huku kwetu sheria inaenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, adhabu faini isiyopungua shilingi milioni 3 au jela isiyopungua mwaka mmoja au vyote viwili. Kenya, sheria ya 2018, ni faini mpaka shilingi milioni 5 za Kenya au kifungo mpaka miaka mitatu au vyote. Hakuna mahali palipoandikwa isipokuwa kama ni simu ya mumeo.

Sasa linganisha na Dan Kaminsky, mtafiti wa usalama wa kompyuta. Mwaka 2008 aligundua kasoro kwenye mfumo wa DNS, ule unaoipeleka kompyuta yako kwenye tovuti sahihi ukiandika jina lake, yaani mtu angeweza kukupeleka kwenye benki feki na wewe umeandika jina la benki yako vizuri kabisa. Angeweza kuiuza kwa hela nyingi tu. Yeye aliwaambia wataalamu wachache kimya kimya, wakakutana Redmond, Marekani, kwenye makao ya Microsoft, na tarehe 8 Julai kampuni nyingi zikatoa marekebisho siku moja. Ukiangalia ujuzi peke yake, huyu na mhalifu wanasoma vitu vile vile.

Ila msidhani uchafu uko kwa wadukuzi tu. 2016 watu wawili walichukua taarifa za watu milioni 57 kutoka Uber, ile kampuni ya usafiri wa kuita kwa simu, kampuni ikawalipa dola 100,000 kupitia mpango wa zawadi kwa wanaogundua kasoro, ionekane kama vile ni utafiti wa halali, na umma haukuambiwa mpaka Novemba 2017. Mkuu wa usalama wake alikutwa na hatia 2022. Ruhusa ya kubandika baadaye haiwi ruhusa.

Kingine kidogo, wengi wanaolalamika "nimehakiwa" wametaja wenyewe ile namba ya siri iliyokuja kwa meseji. Huo ni utapeli tu, na kwa Tanzania namba ya tapeli unairipoti kwenda 15040.

Anayetaka kujifunza ajifunze kwa nguvu zote. Tengeneza kompyuta za kuigiza ndani ya lepitopu yako uzivunje mpaka uchoke, au jaribu mazoezi ya bure ya picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Ukipata kazi ya kupima mfumo wa mtu dai barua ya ruhusa, na barua itaje mfumo gani, kuanzia lini mpaka lini, na kipi usiguse, kwa sababu ukiruhusiwa tovuti halafu ukaingia kwenye seva ya malipo umeshatoka nje ya ruhusa.

Na ukikutana na tundu kwa bahati tu, simama hapo hapo. Usipakue rekodi za watu ati ni ushahidi. Mwandikie mwenye mfumo umeona nini, wapi, na hatua za kulifikia, mpe muda (timu ya Project Zero ya Google, inayotafuta kasoro za namna hii, huwa inatoa siku 90), na usiweke sharti la hela maana hapo umeshaanza kutishia. Akikaa kimya, kuna timu za taifa za kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, Tanzania ni TZ-CERT chini ya mamlaka ya mawasiliano TCRA, Kenya ni KE-CIRT, wapelekee ujumbe ule ule na tarehe uliyomwandikia mwenye mfumo mara ya kwanza.